Pikapu ya Dizeli Iliyotumika: Mwongozo Kamili wa Kuchagua kati ya Injini ya Zamani na ya Kisasa

Anayetafuta pikapu ya dizeli iliyotumika hupewa ushauri wa aina mbili unaogongana. Wapo wanaomwambia achukue ya zamani, kwa kuwa injini yake haina kompyuta na fundi yeyote wa kawaida anaimudu. Wapo wanaomwambia achukue ya miaka ya karibuni, kwa kuwa ina nguvu, inakula mafuta kidogo na bado haijachoka. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kulingana na mafuta anayotumia, fundi aliye naye na barabara anazopita. Wewe una mafuta yako, fundi wako na barabara zako.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba uamuzi una sehemu mbili zinazofuatana, na aliyezichanganya huishia kununua kwa macho. Kwanza unaamua kizazi cha teknolojia kinachokufaa, kabla hujaenda kutazama gari lolote. Kisha, ndani ya kizazi hicho, unachagua gari kwa hali yake halisi, na hapo mwaka wa kutengenezwa unakuwa jambo dogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini.

Hatua ya kwanza: jua ni injini ya kizazi gani

Usitegemee mwaka peke yake, kwa sababu kampuni moja iliweza kuuza injini ya mfumo wa zamani katika soko moja na ya mfumo mpya katika soko jingine kwa wakati uleule. Funua boneti, soma namba ya injini, kisha uiweke katika mojawapo ya makundi matatu.

Kundi la kwanza ni injini za pampu ya kimakanika. Humu zimo Toyota 2L, 3L na 5L, Isuzu 4JA1 na 4JB1, Nissan TD27, Mitsubishi 4D56 za mwanzo, na ile Cummins ya lita 5.9 yenye valvu 12 iliyofungwa katika Dodge Ram kuanzia 1989 hadi 1998. Pampu hupima dizeli, huigawa kwa kila silinda, na presha yake ndiyo inayofungua nozeli. Umeme unahitajika kuzungusha stata, kupasha plagi za moto na kushikilia wazi vali ya kukata mafuta; zaidi ya hapo injini hujiendesha yenyewe.

Kundi la pili ni injini za komoni reli. Hapa pampu hujaza bomba moja kwa presha inayofika bar 1,300 hadi 2,000 na zaidi, na kompyuta ndiyo inayoamuru kila injekta ifunguke lini na kwa muda gani, mara kadhaa ndani ya mwako mmoja. Toyota 1KD-FTV na 2KD-FTV, Isuzu 4JJ1, Nissan YD25 za baadaye, na Ford Ranger za lita 2.2 na 3.2 zilizotoka kuanzia 2011 zimo katika kundi hili.

Kundi la tatu ni komoni reli iliyoongezewa mitambo ya kusafisha moshi: chujio la masizi ambalo mafundi huliita DPF, na katika magari mengine tangi la AdBlue, ambayo ni maji yenye urea asilimia 32.5. Nchini Marekani chujio hili lilienea katika pikapu za dizeli tangu magari ya modeli ya 2007, na barani Ulaya lilikuja na viwango vya Euro 5 vya kudhibiti moshi wa magari. Gari la kundi la pili na la kundi la tatu yanaweza kufanana kabisa kwa nje, na hata injini zikawa na jina moja, kwa hiyo pita chini ya gari utazame bomba la ekzosi lina nini.

Hatua ya pili: pima mafuta, fundi na safari zako

Anza na mafuta, kwa sababu ndiyo yanayoua injini nyingi za kisasa kabla ya wakati wake. Injekta ya komoni reli imetengenezwa kwa nafasi finyu mno, zinazopimwa kwa maikroni, na chembe ya vumbi ambayo nozeli ya zamani ingeipitisha bila kelele hukwaruza injekta hiyo hadi ianze kuvujisha. Maji ni mabaya zaidi, kwa kuwa huleta kutu ndani ya pampu na kuondoa ulainishaji ambao dizeli yenyewe huutoa. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ina kosa hilohilo, kwani mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Isieleweke kwamba injini ya zamani inapenda mafuta machafu. Pampu yake nayo huharibika, ila huchukua muda mrefu zaidi na matengenezo yake ni mepesi.

Kwa magari ya kundi la tatu kuna jambo la ziada, nalo ni salfa. Mitambo ya Euro 5 iliundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni. Dizeli yenye salfa nyingi hudhoofisha vichocheo vya ndani ya ekzosi na kuongeza uchafu katika chujio. Ikiwa huna hakika ya kupata dizeli safi ya aina hiyo katika njia zako zote, liache kundi la tatu, hata gari likiwa zuri kiasi gani na bei ikiwa ya kuvutia.

Kisha uliza kuhusu mafundi, na ufanye hivyo kabla ya kuuliza bei ya gari. Kwa injini ya kisasa unahitaji mtu mwenye mashine ya kusoma takwimu za injini ikiwa inanguruma, si yule anayefuta taa ya injini tu; unahitaji pia karakana yenye benchi la kupimia injekta na uwezo wa kuingiza namba za injekta mpya katika kompyuta. Kwa injini ya zamani, hakikisha bado yupo fundi anayeifahamu pampu na kuirekebisha kwa vipimo, maana wengi waliokuwa mahodari wa kazi hiyo wameiacha. Ulizia na spea. Pistoni, ringi na gasketi za injini maarufu za zamani hupatikana kwa urahisi, lakini taa, vioo, milango na plastiki za ndani huanza kuadimika, na penye uhaba ndipo spea bandia hupata soko.

Mwisho ni safari. Chujio la masizi hujisafisha kwa kuchoma masizi hayo katika joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi, na ili lifike huko gari linahitaji kukimbia kwa mwendo wa kutulia kwa muda wa kutosha, mara nyingi dakika 15 au 20. Pikapu inayofanya safari za kilomita tatu tatu, au inayoachwa inanguruma huku mizigo ikishushwa, haipati nafasi hiyo. Matokeo yake chujio huziba, na dizeli ya ziada iliyopulizwa kwa ajili ya kulisafisha huteremka ndani ya oili na kuifanya nyepesi. Kwa kazi ya namna hiyo, gari lisilo na DPF ni chaguo la busara.

Kwa mtu wa safari ndefu zenye mzigo na milima, mambo hugeuka. Toyota 5L ya lita 3.0 isiyo na turbo hutoa takriban nguvu za farasi 95. 1KD-FTV, yenye ukubwa uleule lakini ikiwa na turbo na komoni reli, hutoa zaidi ya 160. Tofauti hiyo huonekana kwenye mlima mrefu ukiwa na tani moja nyuma: moja hupanda kwa gia ya pili huku joto likipanda nayo, nyingine hupanda kwa gia ya nne. Tena, ikiwa pikapu itabeba watu wa familia au wafanyakazi kila siku, mikoba ya hewa, breki za ABS na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke ni sababu tosha ya kuegemea gari jipya zaidi. Pikapu nyingi za zamani hazina hata kimoja kati ya hivyo, na urahisi wa matengenezo hauwezi kufidia upungufu huo katika ajali.

Hatua ya tatu: piga hesabu kwa tarakimu zako

Chukua kilomita unazotembea kwa mwezi na tofauti ya ulaji wa mafuta kati ya magari mawili unayoyafikiria. Mtu anayekwenda kilomita 1,500 kwa mwezi, akinunua gari linalookoa lita 2 kwa kila kilomita 100, anaokoa lita 30 kwa mwezi, yaani lita 720 kwa miaka miwili. Geuza lita hizo kuwa fedha, kisha ulinganishe na bei ya injekta nne halisi pamoja na kazi ya kuzifunga. Anayetembea sana huona akiba ya mafuta ikizidi gharama hiyo. Anayetembea kidogo atakuta injini ya zamani, pamoja na ulafi wake, bado ni nafuu.

Usitumie fedha zote kununulia gari. Mimi hushauri kubakiza angalau robo ya bajeti kwa ajili ya sevisi ya kwanza na matengenezo yatakayojitokeza katika miezi michache ya mwanzo. Kama robo hiyo haibaki, shuka uchukue gari la bei ya chini zaidi lililotunzwa vizuri.

Hatua ya nne: jifunze magonjwa ya injini unayoifuata

Kila injini ina udhaifu wake unaojulikana, na mnunuzi aliyeusoma mapema huingia kwa muuzaji akijua pa kutazama. Toyota 2L yenye turbo ina sifa ya kupasuka silinda hedi ikichemsha. Injini zote za familia hiyo ya L hutumia mkanda wa taiming, unaozifanya valvu zifunguke kwa kufuata mwendo wa pistoni, na mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Nissan TD27 hutumia gia badala ya mkanda, hivyo wasiwasi huo hauna. YD25 za mwanzo katika Navara D40 zilijulikana kwa cheni ya taiming kulegea, jambo linalosikika kama mkwaruzo wa chuma upande wa mbele wa injini.

1KD-FTV inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa pikapu nyingi zilizotumika zinayo na kwa kuwa ugonjwa wake hujificha. Chini ya kila injekta kuna wosha ya shaba inayozuia gesi ya mwako isipande. Wosha hiyo ikichoka, gesi yenye masizi hupenya hadi ndani ya injini, hugeuza oili kuwa tope zito jeusi, na tope hilo hushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuziba chujio la waya ambamo pampu ya oili hunyonya. Siku linapoziba sawasawa, taa ya oili huwaka wakati beringi za krankshafti zimekwisha kuungua. Kazi ya kubadilisha wosha hizo na kushusha sampu ili kusafisha chujio si kubwa, lakini gari lililotembea kilomita nyingi bila kufanyiwa hivyo linabeba hatari usiyoweza kuiona kwa nje. Muulize muuzaji waziwazi, na kama hana jibu, ingiza kazi hiyo katika bei. Injini hiyo pia hutumia mkanda wa taiming, na katika magari mengi taa ya T-BELT huwaka kilomita zikitimia. Wapo wanaoizima taa hiyo bila kubadilisha mkanda, kwa hiyo dai risiti au fungua kifuniko uone.

Kwa pikapu kubwa za Kimarekani, Power Stroke ya lita 6.0 ya Ford, iliyouzwa kuanzia 2003 hadi 2007, ilitesa wengi kwa kipoza oili kinachoziba, kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) kinachopasuka na gasketi za hedi zinazoachia. Duramax za General Motors za 2011 hadi 2016 zilifungwa pampu ya presha aina ya CP4, ambayo ikivunjika husambaza vumbi la chuma katika mfumo mzima wa mafuta, kuanzia reli hadi injekta zote. Mwenye Ranger ya 2.2 au 3.2 ajue kwamba oili ikimwagwa na kuachwa muda mrefu kabla ya kujazwa mpya, pampu inaweza kushindwa kuivuta tena, na injini ikaungua papo hapo baada ya sevisi.

Hatua ya tano: kagua gari likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya injini na kwenye bomba la rejeta. Ukikuta joto, ama subiri lipoe ama rudi siku nyingine, kwa sababu gari lililopashwa huficha dalili nyingi.

Anza na chesisi, kwani injini hubadilishwa lakini chesisi iliyopinda ni kilema cha kudumu. Simama ubavuni, umbali wa hatua kadhaa, utazame mwanya ulio kati ya kabini na bodi la mizigo. Unapaswa kuwa na upana uleule juu na chini. Ukiwa mpana zaidi juu, chesisi imelegea kuelekea nyuma kwa mizigo mizito iliyowekwa nyuma ya ekseli. Ingia chini, pekua sehemu zinazoshikilia springi, gonga kwa nyundo ndogo penye kutu, na utafute alama za kulehemu zilizofunikwa kwa rangi nyeusi mpya. Linganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya nyaraka, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya injini.

Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yenye utando wa oili, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, yatakutosha kuondoka. Kisha geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake. Taa ya injini lazima iwake hapo na kuzimika baada ya injini kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa makusudi.

Washa. Injini ya zamani yenye plagi nzima hushika haraka na kutoa moshi mweupe kidogo unaokatika. Moshi mweupe unaoendelea na kunuka dizeli mbichi huonyesha kompresheni iliyoshuka, plagi zilizokufa au nozeli mbovu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito wakati wa kuvuta ni mafuta mengi au hewa pungufu. Kwa komoni reli, stata inayozunguka muda mrefu kabla ya injini kushika ni dalili ya injekta zinazorudisha mafuta mengi, kiasi kwamba presha ya reli haifiki pa kuwashia.

Injini ikitulia, fungua kifuniko cha oili na ukilaze kinyumenyume juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo, hali ni ya kawaida. Kikirukaruka au kurushwa, huku moshi ukitoka kwa mapigo, gesi ya mwako inapita kwenye ringi, au katika 1KD inapita kwenye zile wosha za shaba. Kipimo hiki cha dakika moja hueleza afya ya injini kuliko namba ya kilomita kwenye dashibodi, ambayo hurudishwa nyuma kwa urahisi. Kilomita za kweli zisome kwenye raba ya pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva.

Kwa gari la kompyuta, njoo na fundi mwenye mashine. Linganisheni presha ya reli inayotakiwa na inayopatikana, masahihisho ya kila injekta, na kama kuna DPF, kiwango cha masizi na umbali tangu liliposafishwa mara ya mwisho. Kama muuzaji anaruhusu, chomoeni mipira ya kurudisha mafuta na kuunganisha chupa nne ndogo kwenye injekta. Baada ya dakika chache za mngurumo, chupa inayojaa mbele ya wenzake inaonyesha injekta iliyochakaa. Ingiza pia kidole ndani ya ncha ya ekzosi: gari lenye DPF nzima huacha kidole kikiwa karibu safi, na masizi mazito yana maana kwamba chujio limepasuka au limetobolewa, hali ambayo ni kosa la kisheria katika nchi nyingi.

Endesha kwa angalau nusu saa, ukipata mlima na, ikiwezekana, mzigo. Ukiwa katika gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote: mzunguko ukipanda bila gari kuongeza kasi, klachi inateleza. Achia mafuta ghafla uone kama gia inaruka. Sikiliza mlio wa difu, jaribu magurudumu manne yakivuta, na usiondoe jicho kwenye geji ya joto.

Hatua ya sita: amua, kisha anza upya kwa sevisi

Mafuta yakiwa ya mashaka, mafundi wakiwa wa kawaida na safari zikiwa fupi, chukua injini ya pampu ya kimakanika. Kwa safari ndefu zenye mzigo, mafuta mazuri na fundi mwenye vifaa, chukua komoni reli isiyo na DPF. Kundi la tatu linamfaa mwenye dizeli safi wakati wote na barabara kuu ya kukimbia kila wiki. Baada ya hapo, kati ya gari la kilomita 300,000 lenye kumbukumbu za sevisi na la kilomita 150,000 lisilo na karatasi hata moja, mimi huchukua la kwanza.

Gari likishakuwa lako, usilitwishe kazi ngumu kabla ya kulifanyia yafuatayo. Badilisha oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, na kwa gari lenye DPF tumia oili yenye majivu kidogo kama kitabu kinavyoelekeza, kwa maana majivu ya oili hayaungui na hubaki ndani ya chujio. Fungua tangi, lisafishe, weka chujio jipya la dizeli lenye kitenganisha maji, na uwe unakimwaga kila wiki hadi uone yanayotoka ni dizeli tupu. Badilisha maji ya rejeta, mipira yake na thamostati. Mkanda wa taiming usio na ushahidi wa tarehe ubadilishwe siku hiyohiyo, pamoja na rola na tensheni yake. Andika kilomita za kila kazi katika daftari linalokaa ndani ya gari, ili fundi atakayefuata ajue alipoishia aliyemtangulia.